Mohamed Amin: mpiga picha aliyerudi kazini na mkono mmoja



Leo siwaletei maisha ya mtakatifu. Nawaletea mpiga picha, tena Mwislamu, aliyewahi kutoa kitabu kizima cha picha za hija ya Makka. Mimi mwenyewe napiga picha za ndoa na kipaimara hapa Geita, kwa hiyo mnielewe.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi, na mwaka 1963 akafungua kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar. Baadaye akaihamishia Nairobi.

Wengi wanamjua kwa njaa ya Ethiopia. Oktoba 1984 alifika Korem na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Picha alizorekodi pale ziliitikisa dunia, misaada ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia. Sawa. Ila mimi kinachonigusa zaidi ni yaliyompata baadaye.

Juni 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka akiwa kazini. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alikufa. Amin akapoteza mkono wa kushoto. Jamani, kamera ya televisheni ya siku zile ilikuwa mzigo wa begani, na ilitaka mikono yote miwili!

Huku kwetu machimboni, kuanzia Geita mpaka Kahama na Shinyanga, habari za namna hii tunazijua. Kuna kijana wa kwaya yetu aliyeangukiwa na kifusi shimoni, mkono ukakatwa. Tangu hapo haji mazoezini, wala hapokei simu. Nimemwambia kamera ya pili ipo na stendi ninayo, aje Jumamosi kwenye kipaimara, tuone. Hajajibu. Basi nikamtumia habari za Amin, kwa sababu maneno yangu ya kumtia moyo yameisha.

Amin alikuwa na miaka 47, na kampuni ilikuwa yake. Angeweza kukaa ofisini akatuma vijana. Akaenda Marekani, akawekewa mkono wa bandia, akajifunza upya kuishika kamera kwa mkono huo, akarudi kazini. Sijui kama uchungu wa kumpoteza John uliisha, nadhani hauishi. Lakini mji uleule uliomkata mkono aliendelea kwenda.

Novemba 23, 1996 alipanda ndege Addis Ababa kurudi Nairobi. Watekaji wakataka iende Australia, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Komoro. Watu 125 walikufa, yeye akiwemo, pamoja na Brian Tetley aliyeandika naye vitabu vingi.

Novemba ni mwezi wetu wa kuwaombea marehemu. Kwenye karatasi yangu ya nia za Misa nimeandika Mohamed, John na Brian.