MAISHA YA JAMES GRANT, MCHUMA MIMEA



Safari hii tunawaletea habari za James Augustus Grant. Alizaliwa 1827 huko Nairn, Scotland, mtoto wa mchungaji. Alikuwa askari India, akajeruhiwa Lucknow mwaka 1857.

Mwezi wa 4, 1858, Burton na Speke walifika hapa kwetu Uvira kwa mitumbwi, wakitafuta chanzo cha Nile. Wenyeji wakawaambia wazi: Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1860 Speke alirudi Afrika, akielekea ziwa Victoria, na mwenzake ni Grant.

Kumbe, walipofika Karagwe, katika Tanzania ya leo, mguu wa Grant ukaharibika kabisa. Alilala kwa mfalme Rumanika miezi mingi. Mwezi wa 7, 1862, Speke aliona Nile ikitoka ziwani. Grant hakuwepo. Watu wengi wanamkumbuka kwa hilo tu.

Lakini katika safari hiyo Grant alichuma mimea, akaikausha na kuandika habari zake. Si kazi ya mchezo! Jani jembamba hukauka upesi katika karatasi, bali mmea wa shina nene lenye maji huoza ukiuacha kidogo. Mimea hiyo ilifika Kew, London. Mtaalamu Daniel Oliver akaipima na kuilinganisha na mingine, na mwaka 1875 mmoja ukatangazaywa kuwa aina mpya: Euphorbia grantii. Ni mti mdogo, ndugu ya mnyaa wa kuzungushia kiwanja: matawi manene, majani marefu membamba, na utomvu mweupe ambao ni hatari kwa macho. Unaota Tanzania, Burundi, Rwanda, na hapa Kongo pia. Grant alikufa 1892. Jina lake limebaki katika mti.

Je, Grant ndiye aliyeugundua? Wazee wetu waliuona zamani sana. Ila hakuna aliyeuweka katika maandishi ambayo mtu wa mbali anaweza kuyahakikisha. Hiyo ndiyo maana ya kueleza aina mpya.

Basi, tukipanda milima iliyo juu ya Uvira, tuchukue karatasi na kalamu. Tuandike mahali, tarehe, rangi ya ua, na jina ambalo wazee wanauita mmea. Grant alifanya hivyo akiwa kilema wa mguu. Sisi wenye miguu mizima tuna udhuru gani?