Dorothy Vaughan: Alijifunza Mashine, Akawafunza na Wenzake

Wanachuo wenzangu, ukitaja kompyuta leo kila mtu anafikiria kifaa. Mwaka 1943, pale Hampton, jimbo la Virginia nchini Marekani, kompyuta alikuwa mtu. Alikuwa mwanamke aliyekaa mezani na penseli, karatasi na mashine ya kukokotoa, akipiga hesabu za ndege kutwa nzima. Mmoja wa wanawake hao ni Dorothy Vaughan, aliyefariki tarehe 10 Novemba 2008 akiwa na miaka 98. Wengi wetu tulimjua kupitia filamu ya Hidden Figures ya mwaka 2016. Mimi namkumbuka kwa sababu moja tu, nayo inatuhusu sana sisi tuliotoka Ngara na Biharamulo.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1910, Kansas City, Missouri. Alisoma Chuo Kikuu cha Wilberforce huko Ohio, chuo cha watu weusi, akahitimu hisabati mwaka 1929 kabla hajatimiza miaka 20. Walimu wake walimshauri aendelee na masomo ya juu Chuo Kikuu cha Howard. Hakwenda. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na nyumbani kwao walihitaji msaada, basi akachukua kazi ya ualimu. Wewe unayepokea bumu leo na kesho yake unatuma nusu kwa wadogo zako Rulenge, hapo huhitaji maelezo.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Marekani ilihitaji ndege nyingi, na ndege zilihitaji hesabu. Mwaka 1941 Rais Roosevelt alikuwa ameshapiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya ulinzi. Desemba 1943 Dorothy akaingia maabara ya Langley, iliyokuwa ikifanya utafiti wa ndege. Alidhani ni kibarua cha muda, vita ikiisha arudi kufundisha. Alikaa miaka 28.

Lakini ajira haikufuta ubaguzi. Wanawake weusi walikuwa na ofisi yao upande wa magharibi, choo chao na meza yao kantini, ingawa hesabu walizopiga zilikuwa za ndege zilezile. Mwaka 1949 Dorothy alikabidhiwa kukaimu ukuu wa ofisi hiyo, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kitengo katika taasisi ile. Kuthibitishwa kulichukua muda, kama tunavyojua mambo ya kukaimu. Kiti hicho alikitumia kuwapigania wengine: nani anastahili kupanda cheo, nani aongezwe mshahara, wakiwemo hata wanawake weupe. Mwaka 1953 alipokea binti mmoja aitwaye Katherine Johnson, na baada ya majuma mawili hivi akampeleka kwa wahandisi wa utafiti wa safari za anga. Katherine huyo ndiye aliyehakiki hesabu za John Glenn alipoizunguka dunia mwaka 1962.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kompyuta za umeme zilianza kuingia Langley, na kazi ya mtu ya siku nyingi mashine iliimaliza kwa muda mfupi. Dorothy aliona mbali. Alijifunza Fortran, lugha ya kuandikia programu, kisha akawafundisha wanawake wa ofisi yake. Angeweza kujifunza kimyakimya akajiokoa peke yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliamua kwamba mashine ikifika iwakute wote wako tayari.

Mwaka 1958 taasisi ile ikawa NASA na ofisi za kibaguzi zikafungwa. Hapo pana uchungu wake, jamani. Ubaguzi ulipoondoka, na cheo chake kikaondoka. Hakupewa tena kitengo cha kuongoza. Alihamia idara mpya ya kompyuta yenye watu wa rangi zote, akawa bingwa wa Fortran na kuchangia mradi wa roketi ya Scout. Roketi za aina hiyo zilirushwa hata kutoka pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Moja yao, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwaka uliofuata Dorothy alistaafu. Kwa miaka mingi alijitolea kanisani kwake, African Methodist Episcopal, katika muziki na kazi za umisioni.

Kwa nini nawaletea habari hizi? Kwa sababu hata sisi mashine zimeshatukuta. Wizara yetu ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, na matatizo yake yalichangia serikali kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Mashine ilikuwepo, watu wa kuimudu walikuwa wachache mno.

Likizo iliyopita nilikaa na akina mama wa kikoba kimoja pale Nyakanazi, Biharamulo. Hesabu zao za hisa na mikopo zimo kwenye kaunta buku, na anayezielewa ni mama mmoja tu. Akiugua, kikao kinaahirishwa. Nilikuwa na laputopu, ningeweza kuwapigia hesabu zote jioni moja, wakanishukuru, nikaondoka. Badala yake tulikaa wiki mbili, watatu kati yao wakajifunza kujaza jedwali wenyewe. Ilikuwa kazi ya polepole, na kuna siku umeme ulikatika tukarudi kwenye kaunta buku. Lakini sasa wanaojua ni watatu zaidi, na simu wananipigia wakitaka salamu tu.

Tunasoma hapa kwa kodi na mkopo, na kwa kahawa na ndizi za wazazi. Wengi tutaajiriwa Dar au Mwanza, siyo dhambi. Swali ninaloliacha ni hili: unachokijua wewe, nani mwingine kwenu anakijua kwa sababu yako? Dorothy Vaughan alikuwa na orodha ndefu ya majina. Mimi nina matatu, na likizo ijayo nakwenda Ngara kuongeza.