TIPPU TIP NA SAHANI YA WALI: LADHA YA UNGUJA ILIFIKAJE KASONGO?



Kuna ubishi mmoja hauishi hapa kitaa. Mtu akitoka Pwani akahamia Mwanza, wiki ya kwanza tu utamsikia: pilau ya huku siyo, urojo wa huku siyo, hata chapati eti siyo. Mwambie ale sato na ugali ashukuru Mungu, ananuna. Na wala siyo sisi peke yetu. Kule Marekani watu wa Chicago wana pizza yao nene, inaokwa kwenye chombo chenye kina, jibini chini na nyanya juu. Ilianza kupata jina mwaka 1943 kwenye mgahawa wa Pizzeria Uno. Mtu wa Chicago akihamia mji mwingine anaisaka hiyo hiyo, akiletewa nyembamba anaona katapeliwa.

Leo sitaki kubishana na mtu. Nataka niwasimulie maisha ya jamaa mmoja ambaye wote tulimsoma darasani, tukakariri jina lake ili tufaulu mtihani, basi. Lakini swali moja hatukuulizwa kwenye mtihani: huyu mtu wa Unguja aliyekaa miaka mingi katikati ya Kongo, wali alikuwa anautoa wapi? Mimi nilipoanza kulifuatilia swali hilo ndipo nikamwelewa vizuri zaidi kuliko nilivyomwelewa shuleni. Najua muda wa kafe unakimbia, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara na aliweka maskani yake Tabora, kwa Wanyamwezi, akaoa kwenye ukoo wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo kijana Hamed alikulia kwenye familia yenye mguu mmoja kisiwani na mwingine bara. Akiwa na miaka kama 12 alianza biashara ndogo ndogo ya sandarusi. Alipofika kama miaka 18 akafuatana na baba yake kwenda Tabora, na kutoka hapo hakutulia tena.

Hebu fikirieni safari yenyewe. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni kama kilomita 800, na ukitaka kufika Ujiji ni kama 1,200. Kwa miguu! Hakuna punda wa kutosha, hakuna gari, na mbung'o wanamaliza mifugo njiani. Kila kitu kinabebwa na mpagazi: nguo za merikani, shanga, baruti, bunduki. Kurudi, ni pembe za ndovu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee.

Sasa piga hesabu na mimi. Mtu akila kilo moja ya mchele kwa siku, mzigo wa mpagazi mmoja unakwisha ndani ya mwezi, wakati hata Tabora hamjafika. Maana yake ni kwamba wali wa Unguja usingeweza kubebwa mpaka Kongo hata ungekuwa tajiri namna gani. Njiani misafara ilinunua chakula cha wenyeji kwa shanga na nguo: mtama, mahindi, mihogo. Anayetaka kula kama kwao akifika, njia ni moja tu: abebe mbegu, halafu apate watu wa kulima.

Na ndivyo watu wa Pwani walivyofanya. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika Tabora akimtafuta Livingstone, Waarabu wa pale walimpelekea sinia la wali, mchuzi wa kuku wenye viungo, mikate ya ngano, mapapai na makomamanga. Msosi wa Pwani kabisa, katikati ya nchi! Vyakula vile havikuwa vimesafiri miezi mitatu. Vililimwa na kupikwa pale pale.

Hamed yeye alikwenda mbali zaidi ya Tabora, akavuka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala mkubwa wa Itahwa, akamshinda na kuchukua pembe kibao. Jina la Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni kwa sababu alikuwa anapepesa macho. Mwaka huo huo alikutana na Livingstone akamsaidia. Baadaye akaingia Utetera, akajitambulisha kuwa ana undugu na ukoo wa kitawala wa huko, na wakamkabidhi nchi. Makao yake makubwa yakawa Kasongo, eneo la Maniema, Kongo ya mashariki.

Pale Kasongo ndipo swali langu lilipopata jibu. Watu wake walipanda mpunga, miwa, michungwa na miembe. Wenyeji waliojiunga nao wakaanza kujiita Waungwana: wanavaa kanzu, wanasema Kiswahili, wengi wanaswali, na wanakula wali. Kula wali kulikuwa ni kutangaza wewe ni nani! Kiswahili cha kule kikaitwa Kingwana, na watu wa Maniema wanaongea Kiswahili mpaka leo. Ila jamani, mnazi ni mti wa pwani, na Maniema ni nchi ya michikichi. Mpishi wa Kasongo aliyekosa nazi jikoni alikuwa na mawese. Mtu wa Unguja angeonja angesema siyo wenyewe. Lakini mtoto aliyezaliwa Kasongo, huo ndio wali anaoujua.

Kabla sijaendelea niwarudishe nyumbani kidogo, maana najua kuna mdau atauliza Mwanza inaingiaje hapa. Inaingia hivi: njia ya misafara ilipofika Tabora iligawanyika, moja kwenda Ujiji na Kongo, nyingine kupanda kaskazini kuja ziwani kwetu. Tarehe 27 Februari 1875 Stanley alipofika Kageye, ufukweni upande huu wetu, alimkuta mfanyabiashara wa Pwani keshakaa hapo. Mwaka uliofuata, 1876, Stanley huyo huyo akakutana na Tippu Tip huko Maniema, wakateremka pamoja Mto Kongo kwa kipande cha safari. Kwa hiyo dunia ya Tippu Tip na dunia ya ziwa letu zilikuwa matawi ya mti mmoja.

Mwaka 1882 alirudi Zanzibar na shehena kubwa ya pembe, akapokewa na Sultani Barghash. Hakukaa sana, akarudi Kongo. Lakini mambo yalishabadilika, Wazungu walikuwa wanagawana bara. Mwaka 1887 Stanley alimchukua kwa meli kutoka Zanzibar, wakazunguka Cape Town mpaka mdomo wa Mto Kongo. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akampa ugavana wa Stanley Falls, leo Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Yaani mpenda wali akawa Wali kwa cheo! Kicheko pembeni, mshahara ule ulikuwa ni kamba. Leopold alihitaji muda tu wa kujijenga.

Mwaka 1890 Tippu Tip akaondoka Kongo, akafika Zanzibar mwaka uliofuata, na hakurudi tena. Vita ikalipuka 1892. Mwanawe Sefu aliuawa 1893, na Aprili mwaka huo jeshi la Leopold likaiteka Kasongo. Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa na jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika alichokiona: maghala yamejaa mpunga, kahawa na mahindi, bustani za michungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Unguja nyingine katikati ya msitu.

Sasa tufike kwenye ishu yenyewe. Nani alilima? Siyo Tippu Tip. Mashamba yale yalilimwa na watumwa na watu wa vijiji vilivyotiishwa kwa bunduki. Wengi waliona nyumba zao zikichomwa kabla hawajaona punje ya mpunga. Ladha ya nyumbani aliyoipata tajiri mmoja ililipiwa na watu waliopoteza nyumba kabisa, na hao hakuna aliyewauliza wao walikumbuka chakula gani cha kwao. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwaka 1902 na 1903 kwa msaada wa Mjerumani Heinrich Brode. Ni hazina kwa lugha yetu, sikatai. Lakini waliopanda na kuvuna hawakuandika kitabu.

Alifariki Juni 1905 nyumbani kwake Mji Mkongwe, na nyumba yake ipo Shangani mpaka leo. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Zanzibar tangu 1897. Himaya yake ya Kongo ilishakufa, bunduki zake zilishanyamaza. Kilichobaki Maniema ni lugha na mpunga. Vyote viwili vilibaki kwa sababu wale waliolazimishwa kuvibeba walivifanya vyao, wakawalisha watoto wao.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia wali wa Mwanza siyo wenyewe, namwambia apande gari hapa Nyakato, apite Igoma na Kisesa mpaka Magu wakati wa mvua, ayatazame majaruba na watu walioinama kwenye tope. Mpunga ule haumhitaji mtu wa Pwani auidhinishe. Chakula kinakuwa cha mahali pale siku watu wa pale wanapokilima kwa hiari yao na kukila wenyewe. Kabla ya hapo ni chakula cha mgeni, hata kikiwa na nazi na iliki zote za Unguja.

Kwangu mimi Tippu Tip siyo shujaa, na pia siyo jina la kukariri tu. Alikuwa hodari, mwenye akili na ujasiri, na alivitumia hivyo kuumiza watu wengi sana. Yote mawili ni kweli na yakae pamoja.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe kwenu ni wapi, na ni chakula gani cha kwenu umekisaka Mwanza mpaka ukakipata, au ukakikosa? Mwenye babu au bibi aliyesimulia habari za misafara, atuwekee hapo chini. Matusi hapana, hoja kwa hoja.