Robert Koch na Vijidudu vya Maradhi

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alijifunza uganga, akawa daktari wa wilaya. Alipomaliza kazi zake alitazama kwa hadubini damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alithibitisha kijidudu kiletacho ugonjwa huo, na mwaka 1882 akatangaza kijidudu cha kifua kikuu.

Mwaka 1905 Koch alifika Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, mashariki ya Korogwe. Tena alichimba udongo wa vibanda vya njia za misafara, akaonyesha kwamba papasi wakaao humo ndio wanaoeneza homa ya papasi. Mwaka ule ule alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yaliua watu wengi mno. Alichagua dawa iitwayo Atoxyl, yenye arseniki ndani yake. Wagonjwa walipata nafuu, lakini baadaye vijidudu vilirudi. Basi Koch akaongeza kipimo, kutoka nusu gramu hata gramu moja. Ndipo baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wala hawakuona tena. Ikambidi arudie kipimo kidogo. Koch alikufa mwaka 1910.

Baada yake zilipatikana dawa bora. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, huzuia kijidudu kujenga ukuta wake, nacho hupasuka. Mwili wa mtu hauna ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo haudhuriki. Lakini kila kijidudu kina dawa yake. Cha kifua kikuu hakifi kwa penisilini.

Kwa sababu hiyo daktari wa Handeni au Korogwe hupima makohozi kwanza. Akikiona kijidudu cha Koch, humpa mgonjwa dawa kadha wa kadha pamoja, kwa kadiri ya uzito wake, na kwa kawaida kwa miezi 6. Makohozi hupimwa tena, ili ajue kama vijidudu vinakwisha. Tena mgonjwa huulizwa kama anaona vema, kwa kuwa mojawapo ya dawa hizo, etambutoli, yaweza kudhuru macho. Naye aachaye dawa kabla ya muda wake huviachia vijidudu vilivyosalia nafasi ya kuizoea dawa, na siku nyingine haitamponya.