Enoch Sontonga: Mwalimu aliyetunga tuni ya wimbo wetu wa taifa, daftari lake likapotea

Kama ulisoma shule ya msingi Karatu mjini, Rhotia, Mang'ola au kule Endulen ndani ya Ngorongoro, basi tuni ya Enoch Sontonga umeiimba kuliko tuni nyingine yoyote maishani. Mstarini, baridi inang'ata masikio, mwalimu wa zamu anaanzisha, mnafuata. Ila uliza mtaani nani aliitunga. Wengi watakuangalia tu.

Sontonga alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, mwaka 1873 hivi. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa ticha wa kawaida, anaongoza kwaya, na pembeni anapiga picha. Alimuoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto wa kiume.

Nyimbo alikuwa anawatungia wanafunzi wake, anaziandika kwenye daftari. Mwaka 1897 akaandika ubeti mmoja na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika. Akaiandika kwa solfa, sauti zote nne.

Hapa tusimame kidogo, maana bila solfa huenda wimbo usingetufikia.

Solfa haina mistari mitano wala vichwa vya nota. Ni herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinasema vuta sauti, na mstari uliosimama unafunga kipande. Mchungaji Mwingereza John Curwen aliieneza karne ya 19, wamisionari wakaibeba mpaka Afrika. Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuinakili. Huhitaji karatasi maalumu wala piano. Ukiwa na daftari la hesabu, inatosha. Mwanakwaya wa Karatu anayefuata besi yake kwenye fotokopi iliyochakaa anaielewa vizuri kazi hii.

Na ndivyo ilivyokuwa. Waongoza kwaya walikuwa wanamwendea Sontonga kuazima nyimbo. Mwaka 1899 wimbo ukaimbwa hadharani, mchungaji Boweni wa Kimethodisti alipowekwa wakfu. Kisha kwaya ya Ohlange, shule ya John Dube, ikauzungusha kwenye maonesho.

Sontonga hakuyaona mengi. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka kama 32.

Baada ya hapo wimbo ukaenda peke yake. Tarehe 8 Januari 1912, mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC ulifungwa kwa wimbo huo, mjini Bloemfontein. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tuni ikawa yetu kwa maneno ya Kiswahili, na Muungano wa 1964 ukaiacha palepale. Zambia nao wakaichukua mwaka huohuo, kwa maneno yao.

Kwa ndugu zangu wa bendi, mnaopiga jioni kwenye lodge za Karatu na mnaotaka kuifanyia mazoezi kwa mtindo wa jazz: tuni hii inasimama juu ya kodi tatu kuu. Kwenye C ni C, F na G, mengine ni mapambo yenu. Beti ni mbili, tuni moja, kwa hiyo msiandike kodi mara mbili. Andika mara moja, weka mistari miwili iliyosimama yenye nukta mbili pembeni, mwanzoni na mwishoni. Hapo kila mtu anajua ni kurudia. Juu ya vipande vya mwisho chora mabano, 1 na 2. Raundi ya kwanza unapita 1 na kurudi mwanzo, raundi ya pili unaruka 1, unaingia 2 na kufunga. Mpiga besi mgeni aliyekuja jana kutoka Arusha atafika mwisho pamoja nanyi. Kwa maneno ya mdomo tu, hatafika.

Tuirudie familia. Inasimuliwa kwamba Diana aliuza haki za wimbo kwa peni sita za Kiingereza. Daftari lenyewe liliendelea kuazimwa na watu, mpaka siku moja halikurudi. Nakala nyingine hazikuwepo, kwa hiyo nyimbo zake nyingi zilipotea nalo.

Hata kaburi lilipotea. Watafiti walihangaika kwenye makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, wakitafuta jina Sontonga bila kuliona. Sababu? Karani aliyeandika rejista alimsajili kwa jina la Enoch. Gazeti la zamani la Kixhosa ndilo lililowapa tarehe ya kifo, wakarudi kwenye rejista na kumpata.

Tarehe 24 Septemba 1996 Nelson Mandela alizindua mnara pale kaburini. Daftari halijapatikana mpaka leo.