Andreas Stihl: Mhandisi aliyeupeleka msumeno kwenye mti

MKULIMA wa Oldeani, wilayani Karatu, akisikia jina Stihl hufikiria msumeno wa mnyororo. Wengi hulichukulia kuwa jina la mashine tu, kama majina ya baiskeli na pampu. Lakini Stihl alikuwa mtu. Alizaliwa, akapigana vita, akafanya biashara, akafanya na makosa makubwa, kisha akafa mwaka 1973.

Mashine zilizotoka kiwandani kwake enzi za uhai wake sasa zimetimiza zaidi ya miaka 50. Ulaya na Marekani wapo watu ambao mapumziko yao ya mwisho wa juma ni kuzitafuta, kuzifungua, kuzisafisha na kuziwasha tena. Hawafanyi hivyo kwa kutafuta fedha bali kwa mapenzi tu. Huku kwetu mtu akifufua mashine kuukuu, mara nyingi anataka imlipe. Hapo ndipo hesabu inapohitajika, na maisha ya Stihl yana somo kwa anayetaka kuipiga vizuri.

Mtoto wa Zürich

Andreas Stihl alizaliwa Novemba 10, 1896 mjini Zürich, Uswisi. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na baada ya vita akasomea uhandisi wa mitambo nchini Ujerumani. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 29, alifungua ofisi yake ndogo mjini Stuttgart, katika kitongoji cha Cannstatt. Hakuanza na misumeno peke yake. Alitengeneza pia vifaa vya matanuri ya mvuke na mashine za kufulia, kwa kuwa mjasiriamali anayeanza huuza kile ambacho mteja yuko tayari kukinunua.

Siku hizo mti uliangushwa kwa shoka na msumeno wa watu wawili, kisha gogo likaburutwa hadi kwenye mashine ya kupasulia. Hali haikuwa tofauti sana huku kwetu. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na katika miaka iliyofuata baadhi yao walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, chini ya mlima ambao jina lake la Kimaasai lina maana ya mianzi. Iwe Oldeani au Ulaya, nguvu ya kukata mti ilikuwa ni mikono ya vibarua.

Wazo la Stihl lilikuwa jepesi kulieleza lakini gumu kulitekeleza. Badala ya mti kuufuata msumeno, msumeno uufuate mti.

Kutoka kilo 64 hadi kilo 12

Msumeno wake wa kwanza, wa mwaka 1926, uliendeshwa kwa umeme. Ulikuwa na uzito wa kilo 64 na ulihitaji watu wawili kuushika. Mtu anaweza kujiuliza, msituni umeme ungetoka wapi? Stihl naye aliliona hilo, na mwaka 1929 akatoa mashine ya petroli yenye kilo 46 na nguvu za farasi 6.

Si kweli kwamba alikuwa peke yake. Mjerumani mwenzake katika biashara hiyo, Emil Lerp, alikwisha kuufanyia majaribio msumeno wake wa petroli mwaka 1927 kwenye mlima Dolmar, na mlima huo ndio ulioipa jina kampuni yake. Kwa hiyo Stihl hakushinda kwa sababu ya kuwahi tu. Alishinda kwa sababu hakuacha kurekebisha. Kila toleo lilikuwa jepesi kuliko lililotangulia, na mapema miaka ya 1930 mashine zake zilikuwa zinauzwa hadi Amerika ya Kaskazini na Urusi ya Kisovieti.

Doa lisilofutika

Maisha yake hayawezi kusimuliwa kwa sifa tupu. Wanazi waliposhika madaraka, Stihl alijiunga na chama chao, na baadaye akaingia SS, kikosi kilichohusika na maovu makubwa ya utawala ule. Kiwanda chake kilikua wakati wa utawala huo, na jeshi likawa miongoni mwa wateja wake.

Vita Kuu ya Pili haikumwacha salama. Kiwanda cha Cannstatt kilipigwa mabomu na kazi ikahamishiwa karibu na mji wa Waiblingen. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani walimweka Stihl kizuizini, na alikaa huko hadi mwaka 1948. Oldeani nako vita iliacha alama. Ilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwakamata walowezi wa Kijerumani na mashamba yao yakawekwa chini ya usimamizi wa serikali kama mali ya adui.

Ufundi mzuri haumsafishi mtu aliyeutumikia utawala mwovu. Ni vema anayeishika mashine yenye jina hilo alijue na hili.

Kuanza upya

Baada ya kutoka kizuizini, Stihl alirudi kwenye biashara akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50. Mbali na misumeno, kampuni yake ilitengeneza pia matrekta madogo ya dizeli kwa wakulima wadogo wa Ujerumani. Mwaka 1950 ikatoa msumeno wa petroli ambao mtu mmoja aliweza kuubeba na kuutumia peke yake.

Mwaka 1959 ukatoka msumeno uitwao Contra. Huu ndio ambao wapenzi wa mashine za kale huutafuta zaidi. Giaboksi iliondolewa, klachi ikauzungusha mnyororo moja kwa moja. Ulikuwa na nguvu za farasi 6, sawa kabisa na ile mashine ya mwaka 1929, lakini uzito wake ulikuwa kilo 12 tu.

Tupige hesabu. Mwaka 1929 kila nguvu moja ya farasi ilibebwa na zaidi ya kilo 7 za chuma. Mwaka 1959 ilibebwa na kilo 2. Kazi ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja, na gharama ya kuangusha mti ikashuka. Kufikia mwaka 1971 jina Stihl lilikuwa linaongoza duniani kwa mauzo ya misumeno ya mnyororo. Mwenyewe alifariki dunia Januari 14, 1973, akiwa na umri wa miaka 76, na mwanawe Hans Peter akashika usukani.

Siri ilikuwa kwa fundi

Kwa mfanyabiashara mdogo, somo kubwa liko kwenye namna ya kuuza. Kampuni ya Stihl ilishikilia utaratibu wa kuuza kupitia maduka yenye mafundi. Anayekuuzia ndiye anayekutengenezea, na ndiye anayekuuzia spea. Mteja hakununua chuma tu, alinunua na uhakika kwamba chuma kikiharibika kitapona.

Ndiyo maana mashine za zamani bado zinafufuka. Zilifungwa kwa skrubu, kila kipande kinafunguka, na fundi mwenye bisibisi, spana na subira anaweza kufika hadi kwenye pistoni. Kinachozimaliza kabisa, mara nyingi, ni kukosekana kwa spea.

Ukikuta msumeno wa aina hiyo stoo, usikimbilie kuvuta kamba. Toa plagi kwanza, chungulia ndani ya silinda kupitia tundu la mafusho. Pistoni ikiwa laini, kuna matumaini. Ikiwa imechubuka kwa mistari mirefu, jiandae kununua pistoni na ringi, pengine na silinda. Kisha safisha platini, maana kutu kidogo tu hapo huzuia cheche. Badilisha mpira wa petroli na utando wa kabureta, kwani vitu hivyo hukauka na kupasuka hata mashine ikiwa imelala tu.

Mafuta nayo yana kanuni. Mashine nyingi za enzi hizo zilitaka mchanganyiko wa 1 kwa 25, yaani mililita 40 za oili ya injini za mapigo mawili kwa kila lita ya petroli. Za kisasa nyingi hutumia 1 kwa 50, yaani mililita 20. Ukizidanganya mashine kuukuu kwa kipimo cha kisasa bila ushauri wa fundi, unaweza kuunguza pistoni uliyoigharamia.

Fufua, lakini pima

Kabla ya kutoa fedha, jumlisha bei ya spea, ujira wa fundi na nauli ya kufuata vifaa Arusha. Gawanya jumla hiyo kwa idadi ya miti utakayokata katika miaka miwili au mitatu. Linganisha na gharama ya kumkodi mwenye msumeno mzima kwa kila mti. Kwa mkulima anayepunguza migrevilea michache ya kivuli ndani ya kahawa yake, mara nyingi kukodi kutakuwa na nafuu.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Contra ya mwaka 1959 haikuwa na breki ya mnyororo wala mpini wa kupunguza mtetemo. Vitu hivyo vilikuja baadaye, mpini katikati ya miaka ya 1960 na breki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msumeno ukiruka kumrudia mshikaji, bila breki hakuna cha kuusimamisha. Mtetemo wa muda mrefu nao huharibu mishipa ya vidole. Mashine ya kale ifufue uitunze, uiwashe siku ya sherehe, ujifunzie ufundi. Kazi ya kutwa waachie wenye mashine salama, kofia ngumu, buti na miwani.

Mwisho, tusisahau juu kuna nini. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, pamoja na mlima Oldeani, ndio unaolisha chemchemi na vijito vinavyotegemewa na mashamba ya Karatu. Hata mti uliopanda mwenyewe, muone kwanza ofisa misitu kuhusu kibali. Stihl aliufikisha msumeno kwenye mti. Ni mti upi ukatwe na upi ubaki, hilo alituachia sisi.