Mangi Meli wa Moshi: kijana aliyerithi kiti pamoja na maadui wa baba yake



Wengi wetu visiwani tukiisikia Moshi hufikiria kahawa, migomba na mlima wenye theluji. Wachache wanajua kuwa bendera nyekundu ya Zanzibar iliwahi kupandishwa huko. Mwaka 1885 Sayyid Barghash alimtuma Jenerali Lloyd Mathews kwenda Kilimanjaro kutaka watawala wa Kichaga wakubali kuwa chini yake, na Mangi Rindi wa Moshi akaipokea bendera hiyo. Haukupita muda akafika Mjerumani, Karl Jühlke, na Rindi akapatana naye pia. Katika nyumba ya mzee huyu ndimo alimokulia Meli. Hakuwa Muislamu, lakini kisa chake kina mazingatio kwa kila mzazi na kila kijana.

Meli alizaliwa katika miaka ya 1860. Uchagani wakati huo kila ukoo ulikuwa na kihamba chake, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba. Maji ya mto yaliletwa kwa mifereji iliyochimbwa na kusafishwa kwa ushirika, na ng'ombe wengi walifugwa ndani wakiletewa majani. Mlima wenyewe ulikuwa umegawanyika. Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu na nyinginezo, kila nchi ilikuwa na Mangi wake. Watu wake walioana na kuuziana vitu sokoni, na pia walivamiana na kuchukuliana ng'ombe.

Adui mkubwa wa Rindi alikuwa Mangi Sina wa Kibosho. Mwanzoni mwa 1891 Wajerumani wakiongozwa na Wissmann walimpiga Sina, na wapiganaji wa Rindi wakawasaidia. Mwaka huohuo Rindi akafariki, na Meli akakaa kwenye kiti akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Aliachiwa mifugo, bunduki na jina kubwa. Aliachiwa pia chuki za majirani na ahadi ambazo baba yake alizitoa kwa wageni. Urithi wa aina hiyo hauandikwi popote, lakini mtoto ndiye anayeulipa.

Jirani yake wa mashariki, Mangi Marealle wa Marangu, alikuwa amekwisha kujenga urafiki na Wajerumani, na kambi yao ilikuwa kwake. Uhusiano wao na Meli ukaharibika haraka. Juni 1892 ofisa von Bülow alitoka Marangu na askari wake kwenda kuitia adabu Moshi. Vijana wa Meli wakawashinda, na von Bülow akafa kwa majeraha. Mangi huyu kijana alikuwa amelishinda jeshi la dola kubwa, na kwa muda Wajerumani wakauacha mlima.

Furaha hiyo ilidumu kama mwaka mmoja tu. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa, na majirani wa Meli walikuwa upande wake. Moshi ikashindwa. Meli akaomba amani, na watu wake wakalazimishwa kutoa nguvu kazi ya kujenga boma la Wajerumani katika ardhi yao wenyewe.

Kuanzia hapo aliishi jirani na boma hilo, chini ya jicho la Kapteni Johannes. Alitoa vibarua alipoamriwa, na kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898 watu wake waliilipa. Kwa kijana aliyewahi kushinda vita, kuamka kila siku na kuzuia hasira ili watoto na wazee wa nchi yake wasichomewe nyumba si jambo jepesi. Alibaki hivyo kwa zaidi ya miaka sita.

Kilichommaliza hakikuwa vita bali maneno. Mwishoni mwa 1899 Wajerumani waliletewa habari kuwa baadhi ya wamangi wanapanga, pamoja na Waarusha na Wameru, kulivamia boma la Moshi. Wanahistoria wengi wanaona mkono wa Marealle katika tuhuma hizo. Watu wakakamatwa na kuhukumiwa haraka. Tarehe 2 Machi 1900 wakanyongwa hadharani watu 19, miongoni mwao Meli, Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Masimulizi ya ukoo yanasema Meli alikaa saa nyingi kabla ya roho kutoka. Marealle naye hakufaidi sana. Baada ya miaka michache alipoteza imani ya Wajerumani na kukimbilia upande wa Waingereza.

Msiba haukuishia hapo. Ukoo unaamini kuwa kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, wakati ambapo mafuvu mengi ya Waafrika yalikusanywa huko kwa ajili ya utafiti. Mjukuu wake alitumia miongo kadhaa kukitafuta, akaandika barua na kutoa sampuli ya vinasaba. Mwaka 2023 uchunguzi uliofanyika Berlin ulipata jamaa wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro, lakini Meli hakuwamo. Sisi tunaojua haki ya maiti kuoshwa, kuswaliwa na kuzikwa kwa heshima tunaweza kuuelewa uchungu wa watu hao, ingawa dini zetu ni tofauti.

Tunajifunza nini?

1. Wazazi, uadui wetu na madeni yetu tuyamalize tukiwa hai. Tusimwachie kijana ugomvi wa shamba au wa ndugu ambao hakuuanzisha.

2. Vijana, ushindi wa mapema usiwahadae. Meli alishinda kwa ushujaa, lakini alikuwa peke yake mlimani. Aliyegombana na majirani wote hana wa kumtetea siku ya shida.

3. Sote tuogope fitna. Ukiletewa habari ya mtu, ihakikishe kabla ya kuifikisha kwa mwenye nguvu. Kwa habari kama hiyo watu 19 walinyongwa siku moja, na wajukuu wao hadi leo wanatafuta mifupa ya kuzika.

Wabillahi tawfiq.